Goti Linapochanika Ndani: Nani Angoje, Nani Asichelewe

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Sumbawanga na nchi ya juu ya Ufipa

KABLA YA SOMO. Kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya: goti, paja, muundi, gegedu, rufaa. Wanafunzi wayasome pamoja kwa sauti, kisha kila mmoja ayaandike katika daftari lake. Baada ya hapo redio ifunguliwe.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu, hamjambo? Karibuni katika somo letu la afya. Leo pamoja na Mwalimu wamo wanafunzi wawili. Mmoja ni mzee mkulima, na mwingine ni kijana mcheza mpira. Wote wawili wameumia goti. Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Asante. Hamjambo wanafunzi wote, mlioko Sumbawanga mjini, Laela, Mpui, Kaengesa na Matai, na ninyi mlioko chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu.

MWALIMU: Tueleze habari za goti lako.

MZEE: Ni miezi mitatu sasa. Nilikuwa nafukia majani katika matuta. Udongo ulikuwa mbichi, mguu wangu wa kulia umezama. Nikageuka na jembe, mguu haukugeuka. Sikuanguka, lakini nilisikia kama nimechomwa kitu ndani ya goti. Kesho yake asubuhi goti likawa limevimba. Sasa uvimbe umepungua na natembea. Lakini nikichuchumaa, au nikiteremka mlima, linauma. Wanangu wamekaa kikao. Wanataka tuuze maksai wawili, nipelekwe Dar es Salaam nikapasuliwe.

MWALIMU: Pole sana, Mzee. Na wewe, kijana?

KIJANA: Mimi, Mwalimu, niliumia mpirani wiki tatu zilizopita. Mguu ulibaki chini, mwili ukageuka. Tangu siku hiyo goti halinyooki. Limesimama pale pale, kama mlango uliozuiwa na jiwe. Nyumbani wanasema ningoje tu, litatulia lenyewe.

MWALIMU: Pole nawe. Wanafunzi, mmesikia. Mzee anaambiwa aharakishe. Kijana anaambiwa angoje. Wahenga wetu walisema, haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli. Lakini ipi ni ya Mzee, na ipi ni ya kijana? Shikeni swali hilo. Mwisho wa somo mtalijibu wenyewe.

1. GOTI LIMEUNDWAJE?

MWALIMU: Kila mmoja ashike goti lake. Juu ya goti kuna mfupa wa paja. Chini yake kuna mfupa wa muundi. Mbele kuna kifupa cha mviringo kinachochezacheza mguu ukinyooshwa na kulegezwa. Hicho ni pia ya goti.

Sasa shikeni sikio. Likunjeni, kisha liachieni. Limerudi mahali pake, sivyo? Ndani ya sikio hakuna mfupa. Kuna kitu kigumu kidogo, lakini kinapindika. Kitu hicho huitwa gegedu. Mnakijua pia mezani. Mkila paja la kuku, kwenye ncha ya mfupa kuna kitu cheupe kinachoteleza. Hilo nalo ni gegedu.

Katika goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu linaloteleza. Tena, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, vimewekwa vipande viwili vya gegedu, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje. Kila kipande kina umbo la mwezi mchanga. Hospitalini mtasikia kikiitwa meniskasi. Sisi leo tutakiita gegedu la goti.

Kazi ya gegedu hilo ni nini? Ukibeba gunia la mahindi, uzito wote hushuka katika magoti. Gegedu huutandaza uzito huo, usigonge mahali pamoja tu. Ni kama ngata ya mwanamke anayebeba mtungi. Bila ngata, mtungi huumiza kichwa. Bila gegedu, mfupa wa juu hulemea mfupa wa chini, na baada ya miaka goti huchakaa.

Jambo moja zaidi, nalo ni kubwa. Kidonda hupona kwa sababu damu hukifikia. Gegedu la goti hupata damu katika ukingo wake wa nje tu. Sehemu yake ya katikati haina mishipa ya damu. Kwa hiyo mchaniko wa ukingoni waweza kuunga. Mchaniko wa katikati kwa kawaida hauungi. Lakini msife moyo. Mtu aweza kuwa na mchaniko usiounga, na bado akatembea na kulima bila maumivu. Tutaona jinsi gani.

2. LINACHANIKAJE?

MWALIMU: Kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ghafla. Goti limekunjwa, mguu umekwama chini, mwili unageuka. Hapo gegedu hubanwa kati ya mifupa miwili, nalo huchanika. Huwapata sana vijana wanaocheza mpira.

Njia ya pili ni ya polepole. Mtu akishapita umri wa miaka 40, gegedu huwa kama kamba iliyotumika siku nyingi. Nyuzi zake zimeanza kulegea. Jambo dogo, kama kuinuka kutoka kuchuchumaa au kugeuka na jembe, linatosha kulichana. Wapo hata watu wazima wengi ambao gegedu lao limechanika na hawana habari, kwa sababu haliwaumi.

Dalili zake ni hizi. Maumivu kwenye mstari wa goti, pale mifupa miwili inapokutana. Uvimbe unaokuja baada ya saa kadhaa, au kesho yake. Goti kukwaruza au kunasa. Goti kulegea ghafla mtu anapotembea. Na mara nyingine, goti kukwama kabisa lisinyooke.

3. SIKU ZA KWANZA

MWALIMU: Umeumia leo. Utafanya nini? Andikeni mambo manne.

La kwanza, acha kazi. Usimalize tuta. Usimalize mchezo.

La pili, tia baridi. Hapa kwetu barafu si rahisi kupatikana kijijini, lakini maji ya Ufipa ni baridi, hasa asubuhi. Chovya kitambaa, kikamue, kiweke juu ya goti kwa dakika 15 au 20. Rudia mara kadhaa kwa siku, kwa siku mbili au tatu.

La tatu, funga goti kwa kitambaa kipana. Usikaze mno. Vidole vya mguu vikifa ganzi au vikiwa baridi, legeza mara moja.

La nne, lala na uinue mguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, upite usawa wa kifua.

Ukitaka kutembea, tumia fimbo. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili. Goti la kulia likiuma, shika fimbo kwa mkono wa kushoto.

MZEE: Mwalimu, mimi nilikandwa kwa maji ya moto siku ile ile, na goti likavutwa.

MWALIMU: Wengi hufanya hivyo, Mzee. Lakini siku za kwanza maji ya moto na kukandwa kwa nguvu huongeza uvimbe. Kuvuta hakusaidii, kwa sababu hakuna mfupa uliotoka mahali pake. Kilichochanika ni gegedu. Na goti lililokwama msilinyooshe kwa nguvu kamwe. Mtazidi kulichana.

Dawa ya maumivu ya kuanzia ni parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa au kilichotolewa na zahanati. Dawa kama diklofenaki zisitumiwe ovyo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wasizitumie bila kumwuliza mganga.

4. NANI ASICHELEWE?

MWALIMU: Sasa sikilizeni kwa makini. Mtu mwenye dalili yoyote katika hizi aende kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo:

Hawezi kukanyaga hatua nne.
Goti limepinda vibaya kuliko la pili.
Goti limevimba sana katika saa mbili za kwanza. Huenda kuna damu ndani, na huenda kano kubwa imekatika au mfupa umevunjika.
Mguu umekuwa baridi, umepauka au umekufa ganzi.
Goti ni jekundu, lina moto, na mtu ana homa. Huenda kuna usaha ndani, nao huharibu kiungo haraka.

Na dalili nyingine, ambayo haiui, lakini haitaki kungoja wiki hata wiki: goti lililokwama.

KIJANA: Kama langu.

MWALIMU: Kama lako. Goti lisilonyooka baada ya kuumia mara nyingi lina kipande cha gegedu kilichochanika kikaingia katikati ya mifupa. Ulisema vizuri, ni mlango uliozuiwa na jiwe. Jiwe hilo haliondoki kwa kungoja. Kadiri siku zinavyopita, kipande husagwa, huchakaa, na huwa vigumu kukishona. Kikiwa bado kizima, daktari aweza kukirudisha na kukishona. Kikisha kusagika, hana la kufanya ila kukitoa.

5. HOSPITALINI

MWALIMU: Daktari atauliza, ilikuwaje? Mweleze kama ulivyotueleza sisi: mguu ulikuwa wapi, mwili uligeuka vipi, uvimbe ulianza saa ngapi. Maneno yako ni nusu ya kipimo. Kisha atabonyeza mstari wa goti, atalikunja na kulizungusha.

Huenda ukapigwa picha ya eksirei. Jueni kwamba eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi gegedu la goti. Basi ukiambiwa picha ni safi, maana yake mfupa haukuvunjika. Si kusema kwamba unajisingizia. Kipimo kinachoonyesha gegedu ni MRI, nacho hakipo kila mahali wala hakihitajiki kwa kila mtu.

Njia ya matibabu ni ngazi. Anza zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo utapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga. Ikibidi, utaandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Kanda, Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ya Tunduma. Juu yake iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996, ambako magoti hupasuliwa kwa kutumia matundu madogo. Usiruke ngazi. Barua ya rufaa hukupunguzia kuzunguka na gharama. Mwenye kadi ya bima ya afya aichukue.

6. JE, KUPASULIWA NI LAZIMA?

MWALIMU: Hapa pana hadithi ya kweli. Mwaka 1883, mjini Edinburgh, nchi ya Uskoti, daktari Thomas Annandale alifungua goti na kulishona gegedu lililochanika. Lakini kwa miaka mingi baada yake madaktari wengi waliona ni rahisi kulitoa gegedu lote. Walidhani halina kazi kubwa. Mwaka 1948, daktari Fairbank wa Uingereza alionyesha kwa picha kwamba magoti yaliyotolewa gegedu hubadilika na kuchakaa. Mwaka 1962, Masaki Watanabe wa Tokyo, nchi ya Japani, alikata kipande kilichochanika tu, akiona kwa darubini nyembamba iliyopitishwa katika tundu dogo. Tangu hapo madaktari wamejifunza kuhifadhi gegedu badala ya kulitupa.

Kisha likaja swali jingine. Je, watu wazima ambao gegedu lao limechanika kwa kuchakaa wanafaidika kwa kukatwa kipande hicho? Mwaka 2013 madaktari wa Finland walitoa majibu. Walichukua watu 146, wenye umri wa miaka 35 hadi 65. Wengine walikatwa gegedu. Wengine walitobolewa goti likatazamwa tu, gegedu lisiguswe, nao hawakujua. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa sawasawa. Mwaka 2016 madaktari wa Norway waliwalinganisha watu 140. Nusu walipasuliwa, nusu walifanya mazoezi kwa wiki 12. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana katika maumivu na kazi za goti.

MZEE: Unasema mazoezi yalitosha?

MWALIMU: Kwa wengi wao, ndiyo, Mzee. Lakini wanafunzi, msikose kuelewa. Watu hao walikuwa na michaniko ya kuchakaa. Hawakuwa vijana ambao goti limekwama baada ya mchezo. Hayo ni magoti mawili tofauti.

7. MAZOEZI YANAYOTIBU

MWALIMU: Misuli ya paja ndiyo inayolinda goti. Goti likiuma, mtu hukaa. Akikaa, paja hunywea. Paja likinywea, goti hubaki bila mlinzi, nalo huuma zaidi. Basi tufanye mazoezi. Uvimbe ukianza kupungua, anza hivi, kila zoezi mara 10, asubuhi, mchana na jioni.

Zoezi la kwanza. Kaa chini juu ya mkeka, mguu umenyooka. Kaza paja, kama unataka kuligandamiza goti katika mkeka. Hesabu mpaka tano. Legeza.

Zoezi la pili. Lala chali. Kunja goti zima. Nyoosha goti linalouma, uinue mguu huo mpaka usawa wa goti lililokunjwa. Shusha polepole.

Zoezi la tatu. Bado umelala, vuta kisigino taratibu kuelekea makalio, kisha nyoosha. Usilazimishe.

Baada ya wiki mbili au tatu, kama goti halivimbi, ongeza zoezi la nne. Shika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Chuchumaa kidogo tu, kama mtu anayetaka kukaa katika kiti kirefu, kisha inuka. Halafu simama kwa mguu mmoja, hesabu mpaka 20.

Baadaye, panda na shuka kizingiti au ngazi moja. Endelea hivyo mpaka wiki 12. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akipatikana hospitalini, mfuate akuonyeshe na akurekebishe.

Je, utajuaje kama umezidisha? Tumia kanuni ya asubuhi. Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari. Ukiamka kesho yake na goti ni lile lile la jana, endelea. Ukiamka limevimba au linauma zaidi, jana ulizidisha. Punguza, usiache.

8. KURUDI KAZINI

MWALIMU: Aliyekatwa kipande cha gegedu hutembea mapema kwa magongo. Kazi nyepesi huianza baada ya wiki mbili au tatu, na kazi nzito baada ya wiki sita au zaidi. Aliyeshonwa gegedu hungoja zaidi. Huenda akatumia magongo kwa wiki nne hadi sita, asichuchumae sana kwa miezi minne, na asicheze mpira kabla ya miezi sita. Gegedu lililoshonwa lisipopewa muda, hufumuka. Daktari aliyekupasua ndiye atakayekupa tarehe, mfuate yeye. Na baada ya kupasuliwa, nyama ya nyuma ya muundi ikivimba na kuuma, au pumzi ikibana, rudi hospitali mara moja.

Nyumbani, tazameni mambo madogo. Choo cha shimo humlazimisha mtu kuchuchumaa. Mtengenezeeni mgonjwa kiti chenye tundu, au chimbieni nguzo imara ya kushikilia. Kupalilia na kupepeta, akalie kigoda. Mlima wa kushuka bondeni aungoje, kwa sababu kuteremka huumiza goti kuliko kupanda. Akirudi shambani, aanze na ardhi kavu na nusu saa ya kazi. Na anapogeuka na jembe, ainue mguu na kuugeuza pamoja na mwili. Asiuache mguu nyuma.

9. JIBU LA SWALI

MWALIMU: Sasa, methali ipi ni ya nani? Mzee, goti lako linanyooka?

MZEE: Linanyooka.

MWALIMU: Linakwama?

MZEE: Halikwami. Linauma tu.

MWALIMU: Na baada ya kuumia, ulifanya mazoezi yoyote?

MZEE: Hapana. Nilikaa.

MWALIMU: Basi yako ni haraka haraka haina baraka. Nenda hospitali ya mkoa mara moja, waliangalie goti na kuhakikisha hakuna jambo jingine. Wakikubali, fanya mazoezi wiki 12, kila siku. Maksai wabaki zizini. Wiki 12 zikiisha na hujapata nafuu, rudi kwa daktari, na hapo mtazungumza habari za rufaa. Na wewe, kijana?

KIJANA: Yangu ni ngoja ngoja.

MWALIMU: Ndiyo. Nenda hospitali kesho. Usiseme tu goti linauma. Sema, limekwama, halinyooki tangu siku niliyoumia. Maneno hayo daktari atayaelewa.

KIJANA: Nauli ya mpaka mjini ninayo. Nikipewa rufaa ya Mbeya, ndipo sijui.

MZEE: Hilo tuachie sisi wazee. Mimi nilikuwa tayari kuuza maksai kwa goti lisilohitaji. Hatutashindwa kuchanga nauli kwa goti linalohitaji.

MWALIMU: Ahsante, Mzee. Wanafunzi, kwaherini mpaka somo lijalo.

MTANGAZAJI: Huo ndio mwisho wa somo. Zimeni redio, mzungumze.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Gegedu la goti lina kazi gani? Tumia mfano wa ngata.
2. Taja mambo manne ya kufanya siku za kwanza.
3. Kwa nini eksirei safi haimaanishi kwamba goti ni zima?
4. Taja dalili tatu zinazomtaka mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.
5. Kanuni ya asubuhi inasemaje?
6. Je, katika kijiji chenu yuko mtu ambaye goti lake limekwama naye anangoja? Ni nani kati yenu atakayemweleza somo hili?

KAZI YA KUANDIKA. Andika katika daftari sentensi mbili: moja kwa mtu anayetaka kuuza mali yake kabla ya kupimwa, na moja kwa mtu anayekataa kwenda kupimwa.